Kila nikifumba macho naona mlango

Shikamoo Bibi,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaifuta, leo naimaliza. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Wete, Pemba. Kazi imenileta Unguja, niko kwenye hoteli moja huku Paje upande wa usafi wa vyumba, na nimepanga chumba kijijini. Nimeachika, sina mtoto. Nakuomba unisome mpaka mwisho, maana kila niliyemsimulia alinikata kauli kabla sijafika katikati.

Mama yangu alifariki mwaka jana, siku chache kabla ya kuandama Mfungo Sita. Simu ilinikuta kazini asubuhi na boti ya Pemba ilikuwa imeshang'oa nanga. Nilipofika kesho yake mama ameshazikwa. Silaumu mtu, maiti yetu haiwekwi, hilo nalijua. Lakini sikumkosha mamangu, sikuwapo akivishwa sanda, na uso wake sikuuona. Nikakuta majamvi yametandikwa na watu wamejaa, nikajifunga kanga kiunoni nikaingia jikoni. Hitima ilisomwa mimi napakua wali. Likizo ilipokwisha nikarudi Paje, na huko ndiko mambo yaliponianza. Usingizi ulinipotea. Nilikuwa nalia huku natandika vitanda vya wageni, na mtu akinisemesha namjibu kwa ukali hata kama kaniomba taulo tu.

Hotelini yupo mwanamke wa kigeni anayefundisha yoga na meditesheni. Aliniona nalia, akaniambia wafanyakazi tunaweza kuja bure alfajiri kabla ya zamu. Nikaenda. Tulikuwa tunakaa mchangani, tunafumba macho, tunafuata pumzi inavyoingia na inavyotoka, basi. Hapakuwa na sanamu wala nyimbo. Baadaye alinipa neno la Kihindi la kulirudia moyoni, akasema ni langu peke yangu nisimtajie mtu. Bibi, sitaki kusema uongo, ilinisaidia. Usingizi ulirudi. Hata sala yangu ya alfajiri, ambayo ilikuwa ya kukurupuka, ikawa na utulivu ambao sikuujua tangu niko chuoni.

Kisha nikaanza kuona vitu. Nikifumba macho unakuja mwanga wa buluu, halafu mistari kama wavu, halafu duara linalozunguka. Hayo huja yakaondoka. Kinachonirudia ni mlango. Mlango wa mbao wa kizamani, umefungwa, na juu yake pamechongwa ua. Sijui ni wa nyumba gani. Haujawahi kufunguka, na nikiutazama sana koo linanikaba.

Nikawa nachora. Nina daftari limejaa maduara, na siku za mapumziko hujichora duara hilo hilo kwa hina kiganjani. Kwenye pembe ya chumba nimetandika kitambaa, juu yake nimeweka tasbihi ya mama, kishada cha karafuu kavu kutoka mkarafuu wa nyuma ya nyumba yetu, simbi niliyoiokota pwani, chetezo, na kidani chenye ua la yungiyungi nilichopewa na mwalimu. Hapo ndipo ninapokaa.

Kaka yangu mkubwa alikuja Unguja kwa shughuli zake, akanitembelea. Ni mtu wa dini sana, hata maulidini haendi. Alipoiona ile pembe alibaki kizingitini, hakuingia. Akasema ile ni madhabahu, ua lile ni la Mabudha, nimeingia shirki bila ya kujua, nivitupe vyote baharini au yeye hana tena dada. Akampigia simu mama mdogo. Mama mdogo naye ana lake: huo mlango ni pepo anataka kiti, nirudi Pemba haraka nikatazamwe. Na mwalimu wangu nilipomsimulia alifurahi mno. Kasema mlango ni ishara kwamba nimeteuliwa kuwa mwalimu, na ua lililo juu yake ndilo yungiyungi la kidani changu, kwa hiyo ushahidi umekamilika. Kuna mafunzo ya wiki kadhaa, bei yake inapita mshahara wangu wa nusu mwaka. Atanipunguzia, na naweza kulipa kidogo kidogo. Sina akiba ila bangili mbili za dhahabu alizoniachia mama.

Bibi, mlango huu ni nini? Vitu vyangu nivitupe? Nikiendelea kukaa kimya nimetoka kwenye dini? Bangili niziuze? Na nina swali moja la aibu: siku nisizosali, ambazo tangu msiba zimekuwa zikija bila ya mpango, ndizo ninazohitaji kukaa zaidi. Sijui kama inafaa.

Ni mimi,
Mwana wa Wete, Paje

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama. Katika watu wote uliowataja sikuona hata mmoja aliyekupa pole. Wote wamekimbilia vilivyo juu ya kitambaa.

Bangili usiuze. Nalisema hili mwanzo ili hata ukichoka kusoma uwe umeshalipata. Mwalimu wako simjui, na alfajiri alizokukaribisha bure nazihesabu kuwa ni wema wake. Ila mtu akikutafsiria ulichokiona ukiwa umefumba macho, na tafsiri ikaishia kwenye bei ya mafunzo yake mwenyewe, hapo kaingia biashara, na mfanyabiashara anaweza kuambiwa "ahsante, sitaki" bila ya kukosewa adabu. Mwambie huna fedha na hutokuwa nazo. Halafu msikilize: mlango wako utabaki na maana ile ile kwake, au utakuwa mlango tu? Ukitaka kweli kujifunza kufundisha, jifunze baadaye, kwa fedha ya mshahara, na kwa mtu ambaye hajakwambia kwamba mbingu ndiyo iliyokuandikisha.

Sasa mlango wenyewe. Bahati yako umemwuliza mtu aliyekulia Mji Mkongwe, ambako kila mwenye mdomo ana tafsiri ya mlango wa mwenziwe. Siku moja ukija mjini simama karibu na kundi la wageni usikilize. Papasi mmoja, hawa vijana wanaotembeza watalii vichochoroni, atawaambia mnyororo uliochongwa pembezoni mwa mlango maana yake mwenye nyumba alifanya biashara ya watumwa. Wa pili, mlango huo huo, atasema mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Samaki aliyechongwa chini kwenye mwimo ni uzazi, au ni riziki, au ni bahari tu, inategemea siku hiyo anaongoza nani. Zile njumu za shaba zilizochongoka wataambiwa zilikuwa za kuwazuia tembo wasisukume mlango. Hadithi hiyo imetoka India pamoja na njumu zenyewe. Hapa Unguja tembo wa kusukuma milango angetokea wapi? Wageni hupiga picha wakaondoka wameridhika. Fundi aliyechonga hakuacha maelezo. Alichonga alivyofundishwa na bwana wake, na mteja akalipia kilichompendeza.

Na yungiyungi limo. Tazama juu ya milango na kwenye mfaa, yale maua ya duara yenye petali zilizopangana. Wengi huyaeleza kuwa ni yungiyungi, na asili yake wanaipeleka India, ambako Wahindu na Mabudha wanalitukuza kwa vile mizizi yake imo topeni na ua linachanua safi juu ya maji. Waislamu wa Mji Mkongwe, na kanzu zao, wamepita chini ya maua hayo wakienda msikitini kizazi baada ya kizazi, na iko milango ambayo aya ya Qur'ani imechongwa jirani kabisa na ua. Sijasikia aliyebadili dini kwa kutoka nyumbani kwake. Kaka yako akija mjini mlete, nimtembeze vichochoroni, kahawa juu yangu.

Ninalotaka ulione ni kwamba ishara hupewa maana na maisha ya yule anayeishi nayo. Kwa hiyo mimi siwezi kukwambia mlango wako ni nini, na mwalimu wako hawezi, na mama mdogo hawezi. Wote watatu tutakupa mlango wetu.

Lakini kwanza tuondoe visivyo na uzito. Mwanga wa buluu, wavu na duara, usivihangaikie. Hivyo ni vya macho na ubongo vinapokaa gizani bila ya cha kutazama. Mtafiti mmoja, Heinrich Klüver, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, katika miaka ya 1920 alichunguza maono yanayoletwa na dungusi kakati wa Mexico, akakuta maumbo yanayorudi ni machache na ni yale yale: wavu, utando wa buibui, tundu refu la kuingia ndani, na mstari unaojizungusha. Watu wanaokaa kimya kwa muda mrefu nao huona mambo ya namna hiyo, wawe wa dini yoyote au hawana dini. Bonyeza kope zako taratibu kwa vidole, utauona mwanga bila ya kuteuliwa na mtu.

Mlango ni jambo jingine kwa sababu unakukaba koo. Wavu hukukaba koo? Hukuniandikia hivyo. Basi nitakuuliza, na jibu si lazima uniletee mimi. Siku ile uliyofika Wete ukakuta majamvi yametandikwa, uliingilia mlango upi? Wa mbele au wa uani? Umenieleza jikoni, umenieleza wali, umenieleza kanga kiunoni. Chumba cha mama hukukitaja. Uliingia? Kilikuwa wazi? Likizo yako yote iliyobaki, ulikaa mle ndani hata kidogo?

Pengine nimekosea kabisa na mlango ni wa skuli uliyosoma. Lakini nimewaona watoto wa kike wengi wa marehemu, na anayeshika upawa siku ya kwanza huwa hapati kulia. Watu humsifu: mtoto wa kike hodari, msiba wote kaubeba yeye. Hodari huyo hurudi kazini akalia peke yake kwenye vyumba vya wageni.

Omba ruhusa uende Pemba, mwanangu, na usiende kutazamwa na mganga. Nenda kwa wanawake waliomkosha mama. Mama mdogo atawajua, bila shaka yeye mwenyewe alikuwamo. Kaa nao mkekani, mmoja mmoja au wote pamoja, uwaombe wakusimulie. Maji yalichotwa wapi. Nani alimwaga, nani alishika kichwa. Karafuu maiti ilitiwa kwenye maji ya mwisho? Sanda aliikata nani? Uso ulikuwaje? Aibu ya maiti haisimuliwi na wao wanalijua hilo, lakini wema wa maiti unasimuliwa, na mama aliyelea mtoto kama wewe hakukosa kuacha cha kusimuliwa. Waache waseme mpaka waanze kubishana wenyewe kwa wenyewe. Kisha ingia chumba cha mama, funga mlango kwa ndani, kaa. Huko ndiko ningekaa kimya kuliko Paje, angalau safari hii. Mlango unaouona ukifumba macho ukiendelea kuja baada ya hapo, uache uje.

Daftari lako lishike. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1918 na 1919 alikuwa jeshini akisimamia kambi ya askari wa Kiingereza waliozuiliwa nchini mwake, na kila asubuhi alichora duara dogo kwenye daftari. Akagundua duara linafuata hali ya moyo wake. Safari moja mwanamke anayemfahamu alimwandikia barua ya kuudhi, na duara la kesho yake likatoka limepasuka ukingoni. Hakuuliza mtu duara lina maana gani. Alilitazama pamoja na siku yake. Fanya hivyo. Chini ya kila duara andika tarehe na kilichotokea siku ile, mgeni aliyekukera, simu ya kaka, usingizi uliolala. Utajisoma mwenyewe. Hina nayo sina neno nayo, imekuwa mikononi mwa wanawake wetu kabla hapajakuwa na hoteli hata moja pwani ya mashariki.

Kuhusu pembe ya chumba, mimi napima hivi: kitu hicho unakiomba, au kinakukumbusha? Tasbihi ilikuwa vidoleni mwa mama. Karafuu ni ya nyuma ya nyumba aliyokulelea. Simbi ni ya pwani unayoishi. Hivyo ni kumbukumbu, na chetezo kipo kila nyumba ya Unguja na Pemba, kama chetezo ni shirki basi hatukusalimika hata mmoja. Siku utakayoanza kuamini simbi ndiyo inayokuletea usingizi, au utakayoogopa kutoka bila ya kidani, siku hiyo nitahamia upande wa kaka yako. Na uhamishe kitambaa kitoke upande wa kibla. Usisali vikiwa mbele ya uso wako. Hilo litamtuliza kaka, na hata bila ya kaka ni bora.

Kidani ningekifunga sandukuni. Ua halina kosa, ila mkono uliokitoa sasa hivi una kitu unachokitaka kwako, na kila ukikitazama utaisikia sauti ya mafunzo. Mambo ya fedha yakiisha utaamua ukivae, ukirudishe au ukiache huko huko.

Kukaa kimya na kufuata pumzi si ibada ya mtu. Mabudha wanao, wana karne nyingi nao, na ndani ya dini yao wanautumia kwa makusudio yao. Lakini mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki kwenye chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, akaufundisha kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha bila ya kuwaingiza katika dini yoyote, na njia yake imeenea hospitali nyingi duniani. Pumzi yako Mungu ndiye aliyekupa, kuitazama huhitaji kibali. Ninalolitilia shaka ni lile neno. Ukipewa neno la lugha usiyoijua na kukatazwa kulitaja, una haki ya kuuliza maana yake, na kama ni jina la mungu wa watu wengine basi wewe Muislamu liache, bila ya ugomvi. Unayo ya kwako. Bibi Fatma, mtoto wa Mtume, alichubuka mikono kwa kusaga, akaenda kuomba mtumishi wa kumsaidia. Alichopewa na baba yake ni maneno ya kusema anapokwenda kulala: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34, akaambiwa hayo ni bora kwake kuliko mtumishi. Nalikumbuka hilo kila nikiona wanawake wa hotelini wanavyoshuka daladala jioni wakijishika viuno. Mikono yako pia imechoka kwa vyumba vya watu. Yaseme taratibu, neno moja kwa pumzi moja, tasbihi ya mama unayo.

Kaka yako usimpelekee hoja za mwalimu wala za huyu Jung wangu. Mpelekee anachokijua. Sura ya Aali Imran, aya ya 191, inawasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala ubavu, wakatafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Mtume mwenyewe alikuwa akijitenga pangoni Hira kabla ya wahyi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika sehemu nzima juu ya tafakuri na namna ya kuifanya. Mambo ya tarika usimguse nayo. Zikri ya Kadiria, ile ya kuvuta pumzi kifuani, aliyoieneza Sheikh Uways wa Barawa katika visiwa hivi kabla hajauawa mwaka 1909, mashekhe wenyewe hawakuafikiana juu yake, na mtu asiyekwenda maulidini hutomshinda kwa hiyo.

Kisha liache hilo la hoja, umwulize jambo jingine. Kaka yako naye amefiwa na mama. Yeye alikuwapo, pengine alibeba jeneza, pengine aliingia kaburini kumpokea. Umewahi kumwuliza ilikuwaje? Nashuku aliposimama kizingitini akaiona tasbihi ile, kilichompata hakikuwa shirki peke yake. Msimulie na yeye ulivyokosa boti. Na ile ya "sina tena dada" usiishike, wanaume wa Pemba wakiogopa husema maneno makubwa.

Mama mdogo mjibu kwa heshima kwamba unakuja Wete, lakini kwa ajili ya kusimuliwa, pepo baadaye. Akisisitiza, mwambie umeshauriwa na mtu mzima. Sizungumzii kama mapepo yapo au hayapo, Mpemba hafundishwi hilo na mimi. Nasema tu kwamba msiba wa mwaka jana una haki ya kutazamwa kwanza, na kupungwa kuna gharama zake, bangili zitatajwa huko nako.

Usikae muda mrefu sana kwa mkupuo, hasa peke yako usiku. Kukaa kimya humletea mtu huzuni alizozifukia, na wako wanaozidiwa. Ukianza kuona mlango macho yakiwa wazi, au kusikia sauti inayokuamrisha, au kula na kulala vikakataa kwa siku nyingi, acha kukaa na uende hospitali ueleze yote kama ulivyonieleza mimi. Kidongo Chekundu, hospitali ya akili hapa Unguja, wapo wanaojua kazi yao, na watu wanavyotaniana kwa jina la pale visikuzuie. Wengi wanaopita geti lile ni watu wa huzuni na kukosa usingizi, kama wewe ulivyokuwa mwaka jana.

Swali lako la mwisho wanawake wote wanalo, hawaliandiki tu. Mwenye hedhi hasali, hafungi, na msahafu hashiki. Zikri, dua na kumsalia Mtume hakukatazwa. Kisomo cha Qur'ani wanazuoni wametofautiana, na sisi tuliosoma kwa madhehebu ya Shafi tumefundishwa tusisome kwa nia ya kisomo. Walimu wa kike wa chuoni wapo hapo Paje na Jambiani, mwulize mmoja wao. Kufuata pumzi hakuna sharti la udhu, kaa upendavyo. Ila siku zenyewe kuja bila ya mpango tangu msiba, hilo lipeleke kwa daktari kabla hujaondoka kwenda Pemba. Huzuni huweza kuzivuruga, na yako mambo mengine yanayoweza pia, na hayo hayaonekani kwa kufumba macho.